Herufi Zinazoitwa Zaituni

Simu ya Khainza ilinikuta dukani kwangu Mafubira nikikata kadi za harusi. "Maama Zaituni, mimi mtoto wa Nambozo. Mama ametuacha jana asubuhi. Ni presha." Kabla sijapata hata neno la kumpa pole, akaongeza kwamba familia imekubaliana nitengeneze mimi ratiba ya maziko, na kwamba jina la mama yake liandikwe kwa zile herufi zangu. "Zile nzuri za vyeti, maama. Zile zenye jina lako." Nikasema ndiyo, nitafanya, nikamwambia Mungu awape subira, nikaweka simu juu ya rundo la kadi. Na kitu cha kwanza kilichonipitia moyoni, Mungu anisamehe, hakikuwa huzuni. Ilikuwa nafuu. Nilivuta pumzi kama mtuhumiwa aliyeambiwa kwamba shahidi hatafika mahakamani. Huzuni ilikuja baadaye, nilipofungua kompyuta, nikashuka kwenye orodha ya herufi mpaka chini kabisa, nikachagua Zaituni, nikaandika Nambozo. Jina lake lilitokea kwenye kioo, jeusi na nene, limesimama vizuri kuliko jina lolote nililowahi kuliandika kwa herufi zile, na si ajabu, maana kila mstari uliokuwa ndani yake ulitoka mkononi mwake.

Ukiishi upande huu wa Uganda umeziona herufi hizo hata kama hukujua jina lake. Umepewa kadi ya harusi Jinja, umesoma cheti cha chekechea kilichotundikwa sebuleni Buwenge, umesimama nyuma ya gari la abiria lililoandikwa sifa za Mungu kwenye kioo cha nyuma, basi umeziona: zile za kizamani zenye pembe, zinazoanza na unene na kumalizikia kwenye mkia mwembamba kama uzi. Wenye elimu ya mambo haya wanaziita za Kigothi, na wanasema zilianza Ulaya, kwa watawa waliokuwa wakinakili vitabu kwa kalamu za unyoya. Sisi, katika karakana ya vibao na kadi nilikojifunza kazi, tuliziita herufi za cheti. Nimeulizwa mara nyingi, na vijana wa kompyuta siku hizi, kama kweli mimi ndiye Zaituni mwenyewe, na nimejibu kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu asiyependa makuu. Nimekuwa hodari sana wa kuinamisha kichwa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Karakana ilikuwa nyuma ya jengo moja la zamani la Wahindi katikati ya Jinja, chumba kirefu chenye dirisha moja na dari iliyoliwa na mchwa, kinachonuka wino, mafuta ya taa na chapati. Mwenyewe alikuwa Afande Opio, askari magereza mstaafu kutoka upande wa Tororo. Alijifunza kuandika vibao gerezani, akisimamia wafungwa waliokuwa na ufundi huo, na alipostaafu aliwaachia bunduki yao akaondoka na ufundi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha amri na mzaha. Watu wazima wa mjini walikuwa bado wanashtuka wakisikia Kiswahili kikisemwa kwa sauti ya namna ile, kwa kukumbuka miaka ya utawala wa wanajeshi, mpaka wachungulie ndani na kumwona mwenye sauti: mzee mfupi, miwani minene, kijiko mkononi. Kijiko kilikuwa cha kusugulia. Herufi za cheti tulizipata kwenye karatasi za plastiki zilizoletwa kutoka Nairobi. Unaweka karatasi juu ya kadi, unasugua kwa mgongo wa kijiko, herufi inang'oka huku na kuganda kule. Tatizo ni kwamba waliozitengeneza walikuwa na majina mengine kabisa. Karatasi moja ilikuja na e chungu nzima, na t, na s, lakini a zilikuwa za kuhesabu, na W na k zilikuwa mojamoja. Jina moja tu la kutoka Mbale, Wakhooli kwa mfano, lilimaliza karatasi. Droo ya Afande ilijaa karatasi zilizobaki na Q, X na e tupu. Kazi yangu ilikuwa kuchora kwa kalamu zile zilizokwisha, zifanane na za plastiki kiasi kwamba mteja asijue. Niliifanya kazi hiyo miaka miwili peke yangu, na niliifanya vizuri. Afande alikuwa akishika kadi karibu na pua, anaitafuta a yangu kati ya a za Nairobi, haioni, anacheka. Sikuhitaji kingine duniani.

Kisha Januari akaja Nambozo. Alitoka Mbale na mfuko mmoja wa nguo na furushi la vijiti vya mianzi lililofungwa kwa kanga, na barua ya padri mmoja aliyemfahamu Afande. Hakuwa na pa kukaa. Mama yangu, ambaye hajawahi kumwona mtu hana pa kukaa akanyamaza, akasema atalala kwetu Bugembe, chumbani kwangu, kitanda kimoja na mimi. Chumba chenyewe kilikuwa kando ya barabara kuu. Malori ya kwenda Iganga yalipopita, kioo cha ukutani kilitikisika na nyuso zetu ndani yake. Mama alimpenda ndani ya siku tatu tu. Ijumaa alimwekea nyama ya pilau kwenye sahani kabla yangu, "mgeni kwanza," akisema, na miezi sita baadaye bado alikuwa mgeni kwanza. Naye Nambozo alijua kupendwa. Kila aliporudi kutoka kwao alileta malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, akayapika na karanga iliyosagwa mpaka mama akalamba vidole. "Huyu mtoto, bannange, huyu mtoto!" Mimi nilikula tu. Yalikuwa matamu, na hilo lenyewe liliniudhi.

Lakini kilichonikaa kooni hasa ni vile vijiti. Mimi nilikuwa naandika kwa kalamu ya chuma ya dukani, yenye ncha pana. Yeye alikaa kwenye benchi na wembe, akachonga mwanzi kwa mkato wa mshazari, akaupasua katikati kidogo ili wino ushuke, akaandika. Siku ile ya kwanza tulikuwa tumeishiwa W. Afande akamwambia ajaribu. Hakutazama karatasi ya Nairobi hata mara moja. Alivuta mistari mitatu ya kushuka, akaiunganisha juu kwa upinde mmoja, halafu akaacha mkia uende kushoto, chini ya mstari, ukining'inia. Haikufanana na W ya plastiki. Ilikuwa W ambayo ile ya plastiki ingetamani kuwa. Afande aliivuta mpaka kwenye miwani yake, akaiweka mezani, akaishika tena. "Nani amefundisha wewe?" akauliza. "Hakuna, Afande. Kwetu majina yote ya wanaume inaanza na W. Nimeandika nyingi." Baadaye, alipokwenda kununua chai, nilichukua mwanzi wake nikajaribu. Wino ulimwagika, mstari ukatetemeka. Nikaufuta kwa haraka nikaurudisha palepale. Nilimwonea wivu tangu saa hiyo, na sitauita kwa jina lingine. Haukuwa ushindani, haukuwa hasira, ulikuwa wivu mtupu, ule unaokaa chini ya ulimi na kuharibu ladha ya chakula.

Na watu walimpenda, hilo nalo. Nakumbuka koplo mmoja wa polisi, mtu wa kaskazini, mkubwa kama mlango, aliyetaka cheti cha shukrani kwa mkuu wake anayehamishwa. Akasisitiza jina la mkuu liandikwe lote kwa herufi kubwa. Mwenye kuzijua herufi za cheti anajua kwamba kosa hilo halina dawa: kubwa zake zimejaa mapambo, ukizipanga pamoja zinasukumana na hakuna anayesoma kitu. Afande akamwambia, "Koplo, hizi kubwa ni kama maafande. Moja inatosha mbele. Ukipanga maafande yote mstari moja, nani atafanya kazi?" Koplo akakataa. "Mimi nataka yote kubwa-kubwa. Jina ya mkubwa si ya kujificha." Mimi nilikuwa tayari kubishana naye mpaka jioni. Nambozo hakubishana. Aliuliza jina la koplo mwenyewe, akaliandika lote kwa herufi kubwa kwenye karatasi chakavu, akampa. "Soma, afande." Koplo aliigeuza karatasi, akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Hii ni nini?" "Ni wewe." Karakana nzima ikaangua kicheko, na koplo akacheka kuliko wote, akampigia saluti. Tangu siku hiyo kila askari aliyeingia aliuliza, "Yule dada wa Mbale iko?" Hakuna aliyeuliza kama niko.

Ningeweza kuishi na hayo. Lakini siku moja nilikuwa nyuma ya mlango nikisafisha brashi, na Afande alikuwa anakunywa chai na Bwana Hamisi, jirani yetu aliyeuza kompyuta. Sikujificha, walisahau tu kwamba nipo. "Huyu wa Mbale iko na mkono," Afande akasema. "Wangu wa Bugembe iko na bidii." Bwana Hamisi akasema bidii si kitu kibaya. "Si mbaya," Afande akajibu, nikamsikia anapuliza chai. "Punda pia iko na bidii." Walicheka, kicheko kidogo tu cha watu wanaokunywa chai, bila ubaya wowote. Nimezika wazazi wote wawili, nimeachwa na mume, na bado hakuna neno lililonikaa mwilini kama neno lile. Niliendelea kusafisha brashi ambayo ilikuwa safi tayari. Na jambo la ajabu ni kwamba sikumchukia Afande. Nilimchukia Nambozo, ambaye wakati huo alikuwa amekwenda sokoni kumnunulia mama yangu vitunguu.

Bwana Hamisi hakuja kunywa chai bure. Alikuwa amepata programu ya kutengeneza herufi ndani ya kompyuta: unamletea zilizochorwa kwa mkono, kubwa na ndogo, na tarakimu, anazipiga picha kwa mashine, anazisafisha, na baada ya hapo mtu yeyote anabonyeza kitufe na herufi inatoka. Akamwambia Afande kwamba karatasi za Nairobi zinakufa, na kwamba yuko tayari kuingiza seti moja, moja tu, kwa sababu kazi ni ya miezi. Afande akatukalisha kwenye benchi. "Kila mtu achore yake yote. Mimi nitachagua. Ile itashinda, itaitwa jina ya mwenye kuichora. Jina yake itakaa ndani ya kompyuta, hata mimi nikikufa." Alisema hivyo kama mchezo, lakini mimi nilijua ni nini kilichowekwa mezani. Ingekuwa imeandikwa, mahali ambapo hapafutiki, nani kati yetu alikuwa na mkono.

Tulichora miezi miwili. Seti yangu ilikuwa na mistari iliyonyooka, nafasi sawa, pembe zote za mshazari mmoja. Niliipima kwa rula. Yake aliichora kitandani kwetu, karatasi juu ya sinia, miguu chini yake, akiimba. Alifanya kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: alizichora herufi kwa kufuata majina yetu. Alizipa a mbili zinazofuatana namna ya kushikana, kwa sababu Wasoga wetu na Wamasaaba wa kwao Mbale wote wana majina yenye a mbili. K yake haikufanana na t kama ile ya Nairobi. Na akaongeza herufi moja ya ziada, k na h zilizounganishwa kwa upinde mmoja, kwa ajili ya akina Khainza na akina Wakhooli wa kwao. Nilimuuliza ya nini. "Ili wasikae mbalimbali, Zaitu," akasema, "huyo k na h wanakwenda pamoja kila siku." Nililala nikiwa nimemgeuzia mgongo.

Ulikuwa mwaka wa tohara kwao, na mdogo wake wa kiume alikuwa ametangaza kwamba yuko tayari. Dada lazima awepo: kusaga ulezi, kumchezea ngoma ndugu yake njiani, kuimba mpaka sauti iishe. Agosti, siku tatu kabla ya siku aliyoiweka Afande, Nambozo alifunga mfuko wake. Seti yake ilikuwa tayari, karatasi kumi na mbili ndani ya bahasha ya kaki. "Mpelekee Afande, Zaitu," akanikabidhi. "Nikirudi tutajua." Akamkumbatia mama, akaenda.

Karakanani kwetu hakuna aliyeweka jina mbele ya kazi. Afande alikataza; alisema jina mbele linapoteza macho ya mteja. Jina liliandikwa nyuma, pembeni chini, kwa penseli, kwa mwandiko wa kawaida. Niseme tu nilivyofanya. Asubuhi ya siku ya kuchagua, mama alipokuwa uani anachambua mchele, nilikaa kitandani na seti zote mbili na raba ya shule. Nilifuta Nambozo mara kumi na mbili, nikaandika Zaituni mara kumi na mbili. Kisha, kwa kuwa lazima kila mmoja wetu awe na seti, nilifuta Zaituni kwenye zangu nikaandika Nambozo. Haikuchukua hata muda wa chai kuchemka. Mikono haikutetemeka. Watu husema katika hadithi kwamba mikono hutetemeka, lakini yangu ilikuwa imetulia vizuri, labda kuliko siku zote nilizoshika kalamu.

Afande alizitandaza mezani chini ya dirisha, Bwana Hamisi kando yake. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeanza kumchukua Afande, na alisoma kwa kupitisha uso juu ya karatasi polepole; herufi aliziona, lakini ni mkono wa nani aliujua kwa penseli ya nyuma tu. Alianza na zangu. "Hii ni safi," akasema, "lakini imekufa." Akazigeuza nyuma, akasoma penseli. "Nambozo? Alikuwa anafikiria ngoma tu, huyu." Nilisimama pale nikasikia kazi yangu ya miezi miwili ikiitwa maiti, na sikuwa na ruhusa hata ya kukunja uso. Kisha akahamia kwenye zile nyingine. Alipofika kwenye ile k na h iliyounganishwa, akaweka kidole. "Hii ni ya nini?" Nikasema, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia, "Ni kwa ajili ya wateja wa Mbale, Afande. Majina yao." Akazigeuza, akasoma nyuma, akavua miwani. "Zaituni," akasema. "Umewafikiria watu wa mwenzako." Akanishika kichwa kama baba anavyomshika mtoto anayesafiri. "Sasa iko na mkono. Mimi nilikosa juu yako." Bwana Hamisi akapiga makofi. Nililia, wakafikiri ni furaha. Ilikuwa furaha. Hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kulitubu sawasawa, kwa sababu kila nikilikumbuka lile neno, mpaka leo, linanipendeza kabla halijaniuma.

Nambozo alirudi mwishoni mwa Septemba, amekonda, sauti imekauka kwa kuimba, na fungu la malewa kwa mama. Alipitia karakanani kwanza. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa ya majaribio ambayo Bwana Hamisi aliichapisha, herufi zote toka mwanzo mpaka mwisho, na juu yake jina la seti: Zaituni. Alisimama mbele yake bila kutua mfuko. Afande akamwambia kwa upole, "Usikasirike, mtoto wangu. Mwenzako ameshinda wewe kwa haki." Nilikuwa namtazama mgongo. Nilingoja ageuke apige kelele, na nilikuwa nimeandaa uongo wa kila aina. "Ndiyo, Afande," akasema. "Ameshinda." Akaenda kukaa kwenye benchi, akachukua wembe, akaanza kuchonga mwanzi ambao haukuhitaji kuchongwa.

Ijumaa yake, baada ya chakula, mama alikuwa amejaa sifa. "Umeona dada yako, Nambozo? Jina lake limeingia kompyuta! Umefulahi?" Mama alikuwa Msoga, na r yake ilipotea kila alipochangamka. "Nimefurahi sana, maama," Nambozo akajibu, akamwongezea mchuzi. Nilielewa wakati huo kwa nini hatasema. Alikuwa amekula kwetu miezi tisa. Alikuwa amelala kitanda chetu. Kwao mtu hasimami kwenye nyumba iliyomlisha akamwita mtoto wa nyumba mwizi mbele ya mama yake, na mimi nilikuwa nimemwibia mtu aliyefungwa mikono na ukarimu wa mama yangu mwenyewe. Tulikwenda uani kuosha vyombo. Yeye alisugua, mimi nikasuuza. Alikuwa amefika kwenye sufuria ya mwisho aliposema, bila kunitazama, "Ile W, Zaitu, mkia ulikuwa bado. Nilitaka kuufupisha." Akamwaga maji, akajifuta mikono, akaingia ndani.

Hakusema tena neno juu ya jambo hilo, siku ile wala baadaye. Kabla ya mwezi kwisha alimwambia Afande kwamba nyumbani wanamhitaji, akarudi Mbale, akaolewa, akauza vitambaa sokoni. Alinialika harusini, nilituma kadi nzuri na udhuru. Afande alifariki miaka minne baadaye akiamini kwamba alinifanya mimi kuwa fundi. Na herufi zilitembea, kwanza kwenye diski, halafu kwenye flashi, toka duka hadi duka, Jinja, Iganga, Mbale, mpaka hakuna aliyejua zilianzia wapi isipokuwa kwa jina lake. Nimejaribu kuufupisha ule mkia wa W mara zisizo na hesabu. Nikiukata kidogo, herufi inaanguka mbele. Nikiukata zaidi, inakuwa ya Nairobi. Hakuniambia alitaka kuufupisha kiasi gani.

Nambozo walimzika Jumamosi, kwenye mteremko juu ya mji wa Mbale, kati ya migomba na kahawa. Nilifika na ratiba mia tatu kwenye boksi. Chini ya mahema kila mkono ulishika jina lake, na watu walikuwa wakipitisha kidole juu ya herufi namna watu wanavyofanya wakipenda kitu. Nilikuwa nimeandika maneno matatu nyumbani ya kusema. La kwanza, kwamba herufi hizi ni zake. La pili, kwamba si zangu. La tatu, kwamba nilifuta jina lake nikaandika langu. Mwongoza shughuli akaniita, "Rafiki wa marehemu kutoka Jinja, dakika mbili." Nikasimama na mtandio wangu mbele ya umati ule wa Wakristo, nikasema la kwanza, nikasema la pili. La tatu likagoma. Nilinyamaza kidogo tu, na mwongoza shughuli akaingilia: "Mmesikia hiyo? Kazi ya mikono yake mwenyewe, anampa marehemu! Huyo ndiyo rafiki!" Makofi yakaanza kwa wanawake waliokuwa mbele, yakaenda mpaka kwa wanaume waliosimama migombani. Mzee mmoja alivua kofia. Niliinamisha kichwa. Na kwa kuwa nimefika umri wa kusema kweli: makofi yale yalinikaa vizuri.

Baada ya kaburi kufunikwa, Khainza alinikuta nyuma ya nyumba, karibu na masufuria. Ana uso wa mama yake, isipokuwa hacheki haraka. Alikuwa amebeba sinia la sahani. "Wanyala, maama," akanishukuru kwa Kimasaaba. "Umemheshimu mama sana. Sisi hata hatukujua kama alikuwa anaandika."

"Hakuwaambia?"

"Alisema tu alifanya kazi Jinja kwa afande mmoja, na kwamba mama yako alipika pilau tamu."

Hapo ndipo la tatu lilipotoka. Nilimwambia yote, bahasha, raba, penseli, mara kumi na mbili. Nilizungumza haraka, na nilipomaliza yeye alikuwa ameweka sinia chini, juu ya jiwe.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Toka lini?"

"Toka siku aliyorudi."

Nyuma yetu wanawake walikuwa wanagombana kwa utani juu ya chumvi. "Kutoka Jinja kuja Mbale ni mbali, maama?"

"Si mbali."

"Basi kwa nini hukuja akiwa hai? Mimi unaniambia leo ili nifanye nini? Nikusamehe kwa niaba yake?"

Ningeweza kumwambia ni kazi, ni watoto, ni aibu. Majibu hayo nilikuwa nayo tayari, yamepangwa kwa miaka. "Kwa sababu alikuwa hai," nikasema. "Ningesema, watu wangempa kalamu. Wangemwambia, hebu andika tuone. Na angeandika, Khainza."

Alinitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu, muda mrefu kidogo kuliko uso. Akainua sinia lake akaenda kuwagawia wageni chini ya mahema, safu kwa safu. Chakula changu hakukileta yeye; alikileta jirani.